Papa Fromaji na Haya ya Kukatala Maziwa

Wapendwa wa shirika yetu ya kusali, nawasalimu wote, wenye walipata kiti na wenye wako chini ku mukeka. Mama mwenye kutuongoza alikuja kwangu kuniomba niseme mbele yenu. Nilimukatalia. Akarudi. Nikajificha nyuma ya nyumba, bibi yangu wa ndoa akamudanganya kwamba nimetoka. Mara ingine akanikuta mu mulango kabisa, sikuwa na pa kukimbilia. Njo maana nimesimama hapa. Mukiona nimefunga koti mupaka ku shingo, musiseme ni baridi ya Bukavu. Ni haya.

Hapa mbele yangu kuko kitu mu jani ya ndizi. Najua wenye kukaa karibu mumekwisha kusikia harufu. Mutulie kwanza. Nitaifungua nikimaliza kusema.

Munanijua. Watoto wa hapa Kadutu wakiniona mu barabara walikuwa wanaimba, "Papa Fromaji! Papa Fromaji!" Nilipenda ile jina kuliko jina yangu ya ubatizo, hata mbele serikali ituambie tuache majina ya ubatizo. Nilikuwa natengeneza fromaji kule juu, mu kijiji ya Miti, mu ferme moja ya ng'ombe nyingi. Padri akisoma mu kitabu anasema jibini, lakini hapa kwetu ni fromaji tu. Nilikuwa napanda mulima juma ikianza, na Jumamosi nashuka na kamioni, mufuko imejaa vipande yenye ilivunjika, yenye patron, mwenye ferme, hakuweza kuuza. Nani hapa hakukula ile vipande? Wewe papa kule nyuma, usiangalie chini, ulikula zaidi ya wote!

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: nilijiona. Kwetu sisi Bashi, watu wa ng'ombe, mutu wa maziwa ni mutu. Mwenzangu anatoka ku kazi na harufu ya mafuta ya gari, ingine na harufu ya simenti, miye natoka na harufu ya maziwa. Nilikuwa natembea mu abakosti yangu, ile koti ya kuvaa bila tai, sawa mutu mwenye ng'ombe ya kujaza bonde, na kwa kweli nilikuwa na moja tu, nayo ilikuwa kwa ndugu.

Ugonjwa ilianza ku macho. Asubuhi bibi yangu ananiangalia, anasema, "Wewe, uso yako imefura. Ulilia?" Miye kulia? Nikacheka. Kisha viatu ikaanza kukatala kuingia. Nikasema ni kasiksi, pombe ya ndizi, nilikunywa kwa jirani. Kisha hata siku sikunywa kasiksi, viatu ilikatala. Nikabonyeza kidole ku muguu, shimo ikabaki pale, haitaki kurudi. Bibi yangu akasema, "Leo tunaenda lopitali, na usinipigie kelele."

Wamama munisamehe, nitasema habari ya mukojo, juu bila hiyo hamutaelewa. Anfirmie, muuguzi wa pale, aliweka mukojo yangu mu kachupa kembamba, akaishika juu ya moto. Miye niko naangalia. Ile kitu ikaanza kuwa nyeupe. Ikaganda! Sawa maziwa yenye imetiwa dawa ya kugandisha. Miye mwenye kugandisha maziwa miaka yote hii, nikaona mwili yangu inatengeneza fromaji mu kachupa ya lopitali. Nilitaka kucheka, nikaomba kiti.

Docta akaniambia pole pole, sawa mutu anasema na mutoto. Figo yangu iko naharibika. Figo ni kitambaa ya kuchujia, akasema, na yangu imepasuka, chakula ya damu inatoka na uchafu inabaki. Akanipa rejime, masharti ya chakula. Munyu, hapana. Nyama, kidogo sana, kwa kipimo. Maharagi, kwa kipimo. Maziwa, karibu hapana. Na fromaji, docta akanyoosha kidole hivi, fromaji usiiguse kabisa, juu ina munyu na vitu vingine yenye figo yako haiwezi tena kutoa.

Nikasema, "Docta, miye ni mutu wa fromaji."

Akasema, "Ulaya kuko mashine ya kusafisha damu. Hapa Bukavu hatuna. Mashine yako ni kinywa yako."

Nilitoka pale na ile maneno mu masikio. Munafikiri nilienda kuwaambia ndugu? Nilimukataza bibi yangu kusema hata kwa mama yake. Nilisikia haya, mbaya sana. Fikirini: Papa Fromaji hawezi kula fromaji! Watoto wataimba nini? Na kuko ingine, yenye sisi wote hapa tunaijua ingawa hatuisemi mu shirika. Kwetu ukikatala chakula ya mutu, unamwita mulozi. Atasema, "Huyu anafikiri nimemuwekea sumu." Basi mutu akinipa maziwa, nilikuwa nakunywa. Akinipa samaki ya munyu, nilikuwa nakula. Kule ku kazi nilikuwa naonja fromaji kila siku, juu fundi lazima aonje, na nikajiambia kuonja si kula.

Na munyu, kuko kosa ingine. Docta alikataza munyu ya duka. Miye nikamwambia bibi yangu, "Hakukataza ile ya mababu." Munaijua, ile maji ya kuchuja mu majivu ya maganda ya ndizi, wamama wanatia mu sombe, majani ya muhogo, ili iwe laini. Kila siku sombe yangu ilikuwa na maji ya majivu, na nilikuwa najisifu kwamba nafuata rejime! Nyuma docta alinieleza kwamba kwa mugonjwa wa figo ile majivu inaweza kuwa mbaya kupita munyu yenyewe, juu ina kitu inashika moyo. Wenye kuwa na mugonjwa nyumbani, muisikie hiyo vizuri.

Sasa ninafika pahali pagumu. Wengi wenu mulikuwa pale, muliona na macho yenu.

Binti yangu wa kwanza alipata muchumba, kijana wa Nyangezi, mwalimu. Siku ya mahari ikafika. Wakwe wakashuka na ng'ombe, wamama wanaimba, kiwanja yangu imejaa mupaka ku barabara. Baba ya kijana, muzee mupole, amevaa abakosti nyeupe yenye bado inaonyesha alama ya kukunjwa, akaleta kibuyu ya maziwa. Juu ya maziwa akaongeza kitu ingine, kwa kuniheshimu: fromaji nzima, mviringo, ya munyu, yenye alikuwa ametafuta mbali. Akasema mbele ya wote, "Tulisikia kwamba baba ya binti ni fundi wa hii kitu. Hatukutaka kuja mikono mitupu."

Kwetu, munajua, mwenye kuleta anaonja wa kwanza. Anaonja, watu wanaona, kisha anakupa. Njo heshima, njo na ulinzi. Yule muzee alikwisha kuchukua kisu ili akate, aonje. Na miye, na kiburi yangu, nikamunyanganya kisu mu mukono! Nikasema kwa sauti kubwa, "Hapana, mukwe wangu! Fromaji ikiwa hapa, hakuna mutu anaonja mbele ya Papa Fromaji!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikakata kipande. Nikakata ingine. Nikakunywa maziwa mupaka kibuyu ikalia. Moyoni nilijua, lakini ningekatala namna gani maziwa ya ng'ombe ya mahari ya binti yangu? Ingekuwa kukatala ng'ombe, na kijana, na ukoo yake yote.

Hatukumaliza hata nyimbo. Kifua ikafunga. Nikatafuta pumzi, sikuiona. Nikasimama ili nitoke, miguu ikakatala, nikaanguka mbele ya mukwe wangu, nikatapika juu ya ile abakosti nyeupe. Kitu ya mwisho nilisikia ni sauti ya ndugu ya bibi yangu: "Sumu! Bamemupa sumu! Hakuonja! Muliona, huyu muzee hakuonja!"

Tulieni kidogo, ninywe... hapana, hata maji docta alinipimia. Acha niendelee.

Nilifungua macho mu lopitali. Nikaelezwa kwamba yule muzee karibu apigwe. Mawe ilirushwa. Kama wanaume wa shirika hii hawangesimama mbele yake, leo tungekuwa na kaburi Nyangezi. Walirudi na ng'ombe yao, na mu Kadutu nzima watu walikuwa wanasema: familia ya walozi.

Docta akaja, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, vile serikali ilitaka, akaniuliza mbele ya bibi yangu na ndugu zake, "Sitwayen, ulifuata rejime?"

Nikajibu, "Ndiyo, docta."

Bibi yangu akaniangalia. Alikuwa anangoja niseme miye mwenyewe, na miye nikageuza uso ku ukuta. Docta naye akatingisha kichwa, akasema mwili haudanganyi, lakini ndugu ya bibi yangu hakusikiliza ile. Alisikia tu ile "ndiyo" yangu. Kama alifuata rejime, basi ni sumu. Akatoka anawaka, anasema ataenda Nyangezi na vijana.

Ndugu zangu, niliweza kumuita. Sauti nilikuwa nayo. Nilikuwa nafikiri: nikisema ni figo, watajua nilikuwa najua, watacheka, watasema Papa Fromaji ameuawa na fromaji. Niliona afadhali muzee mwingine aitwe mulozi kuliko miye nichekwe. Haya yangu ilikuwa imenifikisha pale.

Kisha binti yangu akaingia. Hakuleta chakula, hakukaa. Alisimama ku mwisho wa kitanda, macho imekauka, na mutoto yangu akiwa na macho ya kukauka mbele yangu inaniumiza kuliko akilia.

"Papa," akasema, "niko nakuuliza kitu moja tu. Baba yake iko mulozi?"

Nikavuta blanketi mupaka ku kidevu.

"Juu kama iko mulozi, sitaolewa pale. Nitabaki. Lakini kama haiko mulozi, Papa, na unaacha batu bamuite vile, miye nitaenda kwake hata bila mahari, na sitarudi hapa kwako."

Nililia, wapendwa. Bibi yangu alikuwa ameniuliza zamani kama nilikuwa nalia, nikacheka. Ile siku nililia sawa mutoto wa kunyonya. Nikasema, "Si mulozi. Ni figo. Nilijua. Docta alinikataza, na nilikula." Bibi yangu akatoka mbio ku barabara kumufuata ndugu yake. Alimukuta bado anakusanya vijana. Mungu asifiwe kwa miguu ya bibi yangu.

Nikatuma neno Nyangezi, nikamuomba mukwe wangu akuje. Alikuja, na abakosti ile ile, imefuliwa lakini alama bado inaonekana ku kifua. Nilimwambia yote, mbele ya wagonjwa wengine wenye walikuwa wanajifanya wamelala. Yule muzee alipangusa ile alama ku kifua. Kisha akauliza, "Uliogopa kunikatalia maziwa, ukakubali waniite mulozi?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa ningekuwa nimekufa ku mawe, ungesema ku mazishi yangu?"

Akavaa kofia. Akasema, "Watoto wetu wanapendana, sitawazuia. Lakini kurudi mu kiwanja yako, nitarudi siku nitaweza kukuangalia." Akaenda zake. Na ndoa ikabaki pale, inaning'inia, juu ya miye.

Nilipotoka lopitali nilikuwa mifupa. Maji ilitoka mu mwili, na chini ya maji kumbe hakukuwa mutu. Niliacha kazi ya fromaji. Nilifuata rejime sasa, kweli kweli, bila munyu, bila majivu, lakini chakula ikawa sawa kutafuna karatasi. Nilikuwa naota fromaji mu usingizi. Kinywa yenye ilionja fromaji miaka yote haijui kusahau. Niliogopa siku moja nitaanguka tena.

Nikamwambia docta. Akafikiri. Akasema, "Kuko maziwa ya soya. Inagandishwa, bila ng'ombe, bila munyu. Kwa kipimo yenye nitakupa, na siku ile unaacha nyama na maharagi, unaweza. Wamama wanafundishwa ku sentre ya watoto wa bwaki."

Eeh, bwaki! Munasikia? Sentre, kituo ya watoto wenye tumbo kubwa na nywele nyekundu, wenye njaa iliwaharibu. Miye mutu wa ng'ombe, niende kukaa ku benchi ya bwaki, nile soya! Kwetu soya ilikuwa uji ya mutoto mwenye wazazi walishindwa. Nikasema, Mungu wangu, bado hujamaliza na miye?

Nilienda. Lakini nilipitia nyuma, mu migomba, kofia imeshuka mupaka ku macho, naingilia ku mulango ya jikoni sawa mwizi wa kuku. Ndani wamama wamejaa, watoto ku mugongo, watoto ku magoti. Wakageuka wote. Mama mwenye kuwafundisha akasema kwa heshima, "Karibu papa. Mutoto yako iko wapi?"

Niliangalia chini. Nikasema, "Mutoto ni miye."

Weee! Kicheko ilipanda mupaka ku mabati. Mama mumoja alicheka mupaka mutoto yake akaanza kulia. "Papa ana bwaki! Angalia vile bwaki yake imevaa kofia!" Nilitaka udongo ifunguke. Nikageuka nitoke. Yule mama mwalimu akafunga mulango, akasimama mbele yake, akaniuliza kidogo kidogo, "Ni ugonjwa gani, papa?" Nikasema, "Figo." Akanipa kinu na mutwango.

Nawaelezea ginsi inafanyika, juu kuko mwenye ataihitaji. Soya unailowesha usiku nzima mu maji, asubuhi unaisugua ili maganda itoke. Unaitwanga laini, unatia maji, unaichemsha vizuri sana, juu soya mbichi inaharibu tumbo. Unachuja mu kitambaa safi. Maji nyeupe yenye inatoka unairudisha ku moto, ikichemka unaiondoa, unatia maji ya ndimu pole pole huku unakoroga. Na ile inaganda! Nilipoona inaganda, mikono yangu ilijua kazi yake hata mbele sijaiambia. Nilisukuma wamama pembeni. Nikaikusanya mu kitambaa, nikaifunga, nikaweka jiwe juu. Mama moja akasema, "Kumbe huyu bwaki ni fundi!"

Lakini ladha, ndugu zangu, nisidanganye. Ile ya kwanza ilikuwa sawa sabuni yenye imesahau kutoa povu. Nilienda nayo nyumbani nikafanya kazi. Nikajaribu vitunguu saumu, nikajaribu majani ya seleri, nikajaribu pilipili na ndimu, nikaifunga mu jani ya ndizi na kuitundika juu ya moto ipate moshi. Munyu hata punje. Siku moja nikaonja nikafunga macho, na kwa muda kidogo nilikuwa kule juu ya Miti. Si fromaji ya ng'ombe, sitasema ni sawa. Lakini kinywa yangu ilipata kitu ya kushika, ikaacha kuniangaisha. Kipande yangu ni kadogo, sawa kisanduku ya kiberiti, njo docta alinipimia miye. Yako anaweza kuipima ingine, ao kuikatala. Usifuate kiberiti yangu, fuata docta yako.

Nilirudi kila juma kusaidia wale wamama. Habari ikatoka, juu Kadutu haina siri. Watoto wakabadilisha wimbo yao. Nikipita, "Papa Bwaki! Papa Bwaki!" Iliniuma. Ningali naumia, hata leo asubuhi nikikuja hapa niliisikia. Mara ya kwanza nilitaka kutupa jiwe. Kisha nikakumbuka mawe yenye mukwe wangu alitupiwa kwa jina yenye haikuwa yake. Miye hii yangu niliitafuta. Nikainamisha kichwa, nikapita.

Ile jina ilitembea mupaka Nyangezi. Sijui nani aliipeleka, nafikiri ni binti yangu. Mukwe wangu aliuliza, "Wanamuita vile, na yeye anafanya nini?" Akajibiwa, "Anapita tu. Na kesho anarudi ku sentre." Akanitumia neno: "Mwambieni nitakuja na ng'ombe."

Akaja. Kiwanja ile ile, watu wale wale, ninyi wenyewe. Na kibuyu ya maziwa ile ile, juu bila maziwa hakuna mahari. Wote mukaniangalia. Ilinipasa kusema, na maneno ilikuwa kubwa kuliko kinywa. Nikasema, "Mukwe wangu, siwezi kukunywa maziwa yako. Si juu ya wewe. Figo yangu imekufa nusu. Nilijua ile siku ya kwanza, nikanyamaza, na ninyi wote mulimutukana mutu mwenye hana kosa juu ya haya yangu."

Hakuna mutu alipiga makofi. Kisha nikaleta sahani, fromaji yangu ya soya, nikaiweka mbele yake. Miye njo mwenye kuleta, nilipaswa kuonja wa kwanza. Nikachukua kisu. Na yule muzee, wapendwa, akainua mukono, akaninyanganya kisu! Vile miye nilimunyanganya yeye. Akasema kwa sauti kubwa, "Leo ni zamu yangu!" Akakata kipande, akatia mu kinywa, chakula ya watoto wa bwaki, mbele ya ukoo yake yote. Akatafuna. Akatafuna sana. Akaniangalia, akasema, "Mukwe wangu, hii kitu iko mbaya!"

Tulicheka mupaka tukashikana. Kisha akakata kadogo, sawa kiberiti, akanitilia mu kinywa na mukono yake. Akainua kibuyu ya maziwa, akasema, "Hii nitakunywa ya watu wawili." Na akaimaliza. Binti yangu leo iko Nyangezi kwa bwana yake, na ana mimba.

Basi, aksanti. Aksanti kwa docta mwenye hakuchoka na uongo yangu. Aksanti kwa wamama wa sentre, hata wenye walicheka, juu walicheka na wakanipa kinu. Kwa bibi yangu na miguu yake. Kwa binti yangu na macho yake ya kukauka. Kwa wanaume wa hapa wenye walisimama mbele ya mawe. Kwa mukwe wangu sina neno inatosha. Figo yangu haikupona, sitawadanganya, haitapona. Lakini niko. Somo yangu ni kadogo: ugonjwa haikunitia haya. Kuificha njo ilinitia haya, na haya ile ilitaka kula mutu mwingine mbele inikule miye.

Na sasa niseme kwa nini mama mwenye kutuongoza alinilazimisha. Mu shirika yetu, hapa ndani, kuko mutu docta alimwambia maneno yenye aliniambia miye. Jina sitasema, na musianze kugeuza shingo! Yule mutu anaficha. Jana alikula samaki ya munyu kwa jirani, juu aliogopa kukatala. Ninajua juu nilikuwa pale, nikaona vile alimeza.

Nafungua jani. Hii njo fromaji yangu. Ninaonja wa kwanza, mbele yenu, muone. Sasa nitaipitisha, na ninaomba wote mukate, kila mutu kadogo, hata ninyi wenye figo nzima, hata kama iko mbaya. Mukikula wote, hakuna atajua nani aliihitaji.

Na wewe mwenye kuficha, kata kadogo kuliko wote, mupaka docta akupimie. Kesho kuja kwangu, nikufundishe. Nyuma ya nyumba yangu kuko migomba, na kuko kanjia. Ninaijua ile kanjia vizuri. Usipite pale. Kuja ku mulango ya mbele, watoto wakuone, waimbe wanavyotaka. Nitakuwa nimesimama pale nakungoja.